Ruhusa ya Idi Isiyo Yangu

Mke wangu alifariki mwezi wa Rajabu, tukamzika Makoongwe, kwao. Kiwanda kilinipa siku tatu za msiba kama kanuni zake zinavyosema, na siku ya nne nilikuwa nimesharudi Wesha, navuta makopo ya barafu. Silalamiki. Siku tatu ndizo zilizoandikwa na ndizo nilizopewa. Ila mwanamke akifiwa na mumewe hukaa eda, watu wakajua kuwa yumo msibani, wakapunguza sauti wakipita mlangoni kwake. Mwanamume hana eda. Anavaa viatu vyake vya mpira anakwenda kazini, na wenzake hawajui wamwambie nini baada ya kumpa pole.

Kazi yetu ni barafu ya wavuvi. Maji yanatiwa ndani ya makopo marefu ya bati, makopo yanazamishwa ndani ya tangi la maji ya chumvi yanayopozwa na mashine, na baada ya muda tunayavuta juu kwa mnyororo, barafu imekuwa gogo zima. Nimeifanya kazi hii miaka mingi na mpaka leo, gogo likitoka na kuanza kufuka moshi wa baridi kwenye joto lile la bandarini, mimi husimama kidogo nikalitazama. Maji niliyoyatia mwenyewe, na siwezi kusema nayajua.

Mashine haizimwi. Ikizimwa, maji ya tangi yanapata joto, barafu iliyomo inakuwa uji, na kuirudisha ni kazi ngumu. Kwa hiyo hata Idi lazima pawe na watu. Hapo ndipo tajiri wetu, Mhindi mwenye duka la vyuma mjini Chake, alipotunga kanuni ambayo nadhani haipo kiwanda kingine chochote.

Sisi Wapemba katika mambo ya mwezi tumegawika. Wako wanaofuata mwezi wa kimataifa, kwamba ukionekana popote duniani watu wafungue. Wako wanaofuata mwezi wa nyumbani, kwamba tufunge na tufungue kwa ule ulioonekana kwetu. Kwa sababu hiyo miaka mingi panakuwa na Idi mbili, leo ya hawa, kesho ya wale. Watu wa mbali husikitika wakilisikia jambo hili. Tajiri wetu hakusikitika. Aliona kuwa Mungu amemgawia wafanyakazi mafungu mawili. Akaweka kanuni: mwanzo wa Ramadhani kila mtu aseme anafuata mwezi gani. Idi ya mwanzo, wa kimataifa wapumzike na wa nyumbani washike kazi. Siku ya pili wabadilishane. Mwaka ambao Idi zinakutana, mpango ni huo huo, na atakayekuwa zamu asali kisha aje. Na mstari wa mwisho wa kanuni ulisema hakuna kuhama fungu Ramadhani ikishaanza, na wiki ya Idi hakuna likizo ya aina nyingine yoyote.

Mimi ni mtu wa mwezi wa nyumbani, kama baba yangu. Mke wangu na watu wake wote wa Makoongwe ni wa kimataifa. Tulipooana wazee walilizungumza jambo hili kwa wasiwasi, lakini sisi wenyewe halikutushinda. Nyumba yetu ilikuwa na Idi mbili, basi. Siku ya Idi yake mimi nilikuwa nafunga. Alivaa nguo mpya, akajifukiza udi, akatoa mkono wa sikukuu kwa watoto wa jirani, na kila akipita mbele yangu akiwa anatafuna kitu, aligeuza uso. Kesho yake, siku yangu, aliingia tena jikoni alfajiri akapika pilau upya, kama kwamba jana hakuna kilichopikwa. Sikuwahi kumsikia akiuliza nani kati yetu yuko sawa. Nilikuwa namwangalia, nikistaajabu moyo wa aina hiyo umetoka wapi.

Katikati ya Ramadhani ya mwaka aliofariki, mkwe wangu alinipigia simu. Ni mama mtu mzima sana, na simu huipigia kelele akiamini kuwa Wesha ni mbali.

"Mwanangu, hujambo?"

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nakwambia hivi. Sikukuu uje. Hii ni sikukuu ya kwanza mwanangu yumo ardhini. Wanaume wakitoka kusali watakwenda kumzuru, na mie nataka uwepo. Uje kwa sikukuu yetu. Usije ya pili watu wameshatawanyika."

"Siku hiyo nipo kazini, mama."

"Kaombe," akasema. "Mtu huomba."

Akakata. Nikakaa na simu mkononi. Mtoto hatukujaaliwa. Mama yule alikuwa na binti mmoja tu, na mimi ndiye niliyebaki kwake upande ule. Nikiwa sipo, watakwenda kaburini shemegi zangu, watoto wake wa kiume, na vijana wa mtaani, watasoma, watarudi, na yeye atakaa ukumbini akihesabu nani kaja nani hakuja. Nilijua nitakwenda kuomba.

Msimamizi wetu ni kijana wa Unguja, amesoma, ana adabu. Tukisema naye Kipemba chetu hucheka kidogo, lakini hutusikiliza. Nilimkuta ofisini kwake baada ya sala ya adhuhuri.

"Karibu kiti, mzee wangu."

Nilikaa. Nikamwambia nataka ruhusa siku ya Idi ya mwanzo.

"Ya mwanzo si yako," akasema. "Wewe ni mwezi wa nyumbani."

"Ndiyo."

"Unataka kuhama?"

"Sihami. Siku hiyo nitakuwa nimefunga."

Akaweka kalamu chini. "Nifahamishe, mzee. Unaomba ruhusa ya sikukuu, na sikukuu yenyewe huisali?"

"Siisali. Nakwenda kumzuru mke wangu, na kukaa na mama yake."

Nje msumeno ulikuwa unakata gogo la barafu, ukasimama, ukaendelea. Akaniambia likizo ya mwaka wiki ile haitolewi. Likizo ya msiba nimeshaitumia. Kubadilishana kati ya mafungu tajiri amekataza, kwa sababu mwaka mmoja watu walibadilishana kwa mdomo, na siku ilipofika kila mmoja alidai yeye ni wa kupumzika, mashine ikabaki na mlinzi peke yake.

Kisha akainama mbele, akashusha sauti. "Lakini iko njia. Wewe ulikuwa umefiwa karibuni tu tulipokuwa tunauliza watu. Nitasema nilikosea kukusikia. Nikutie fungu la kimataifa sasa hivi, ukapumzike. Huko kwenye sala yako, kama unafunga au unafungua, nani atakuuliza?"

"Nitaulizwa," nikasema.

Alinitazama, nami nikaona kuwa amefahamu ni nani atakayeniuliza. Hakucheka. Alisema, "Basi mzee, hapo mimi sina la kufanya." Na kweli hakuwa nalo. Alikuwa amenipa kile alichokuwa nacho, nikakikataa. Nilimshukuru, nikarudi kwenye makopo.

Habari za ofisini hazikai ofisini. Jioni ile fundi wa msumeno, ambaye tunafanya naye kazi bega kwa bega, mimi navuta yeye anakata, alikuwa ameshasikia. Huyu ni mtu wa mwezi wa kimataifa kwelikweli, na kila Ramadhani kazi yake ni kunichokoza.

"Yakhe," akaniambia, "nasikia umepewa mwezi wetu bure ukaukataa."

"Nimeukataa."

"Huo wenu unakuja kwa miguu. Wetu umepanda ndege."

"Ndiyo maana unawakuteni hamjaoga."

Wenzetu wakacheka. Naye akacheka, akawasha msumeno, akakata gogo mapande, akauzima tena. Akafuta mikono kwenye gunia. Aliponigeukia uso wake haukuwa na mzaha.

"Nitakushikia."

"Nini?"

"Siku ya Idi yangu. Nitasali, nije hapa, nivute makopo yako. Weye uende kwa mkweo. Siku ya Idi yako weye unikatie barafu, mie nilale."

Nilimwambia ana watoto wadogo. Nilimwambia hao watoto watamsubiri na nguo zao mpya. Nilimwambia kanuni inakataza.

"Watoto nitawachukua jioni Gombani wakapande bembea, hawatojua tofauti. Kanuni mie nitakwenda kuzungumza nayo." Kisha akainama akaokota msumeno, na akiwa amenipa mgongo akasema, "Mkeo alikuwa akituletea mkate wa kumimina hapa. Mie nilikula, au sikula?"

Nimewajua watu kwa miaka, nimeshika nao upande wa pili wa mnyororo mmoja, na kumbe nilikuwa sijawajua. Mtu huyu, kwa itikadi yake, Idi ile ndiyo Idi, hakuna nyingine. Ya kesho yake kwake ni siku tu kama siku nyingine. Alikuwa anatoa sikukuu na kupokea usingizi, na alizungumza kama mtu anayeazima nyundo. Nilipata hofu kidogo, ile hofu ya mtu aliyeingia chumba akakikuta kikubwa kuliko alivyodhani.

Alikwenda kweli ofisini. Sikusikia walichozungumza, ila alikaa muda, na alipotoka msimamizi alitoka nyuma yake. Akasema amempigia tajiri simu. Tajiri aliuliza mambo mawili: kama mashine itakuwa na mtu, na kama wote wawili wamekubali. Akaambiwa ndiyo. Akasema basi waende, lakini isiwe mazoea.

"Isiwe mazoea," fundi wa msumeno akarudia maneno yale. "Umesikia? Usije ukafiwa tena."

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Rajabu, nikashangaa sauti yangu.

Mwaka ule tulianza kufunga siku moja, mafungu yote mawili. Kwa hiyo siku ya ishirini na tisa, magharibi ilipokaribia, kila mtu alikuwa na lake la kusubiri. Wenzetu wa kimataifa walisubiri habari kwenye simu zao. Sisi tulisubiri mbingu. Gati la Wesha lilijaa watu, wavuvi, wachukuzi, wanafunzi wa madrasa na shehe wao, wote wameelekea upande mmoja. Penye watu wengi kiasi kile husikii ukimya wa namna ile popote. Hata injini za boti zilizimwa. Nilisimama nikafikiri kuwa kuna siku moja tu ambayo watu wote hawa, na madeni yao na ugomvi wao, wanatazama kitu kimoja, na kitu chenyewe bado hakipo.

Mimi nilikuwa na haja yangu ya pekee. Ukionekana hapa, Idi zinakutana. Kesho nitakwenda Makoongwe nimevaa kanzu mpya, nitasali nao, nitakula nao. Sitakwenda kama mgeni mwenye mdomo mkavu. Niliutaka mwezi ule kwa nguvu zangu zote. Macho yangu ni mazuri, watu wa bandarini wanalijua hilo, na nilikodoa mpaka yakatoa machozi.

Chini kulikuwa na ukanda wa mawingu mwembamba. Mvuvi mmoja akasema, "Ule pale." Akaonesha kidole. Mwenziwe akasema na yeye ameona, kama uzi, umejificha tena. Watu wakasukumana. Shehe akaja mpaka nilipo, kwa sababu wale wawili walikuwa mbele yangu, tukielekea kidole kimoja.

"Na wewe umeuona?"

Nilikuwa nimeona kitu cheupe. Kingeweza kuwa ukingo wa wingu. Kingeweza kuwa mwezi. Nilikuwa nikikitamani kiasi ambacho sikuweza kuyaamini macho yangu mwenyewe.

"Sijauona, shehe," nikasema.

Akawarudia wale wawili akawauliza ulielekea wapi, pembe zake zilikuwa vipi. Mmoja akasita. Wa pili akasema pengine lilikuwa wingu. Likafunga giza, na redio baadaye ikasema vile vile, haukuonekana kwetu, tukamilishe thalathini. Kufika isha simu za wenzetu zilikuwa zimeshalia. Umeonekana mbali. Kesho Idi yao.

Nilikula daku nikanuia funga, nikasali alfajiri, na bodaboda ya mtoto wa jirani ikanifikisha Mkoani jua linachomoza. Chombo cha kuvukia Makoongwe kilijaa watu waliovaa vizuri, wananukia mafuta na udi. Mimi nilivaa kanzu yangu ya kazi za kawaida, safi lakini si mpya, kwa sababu sikutaka mtu adhani nimefungua. Nahodha alinipa haluwa kwenye kipande cha karatasi. Nilimwambia nimefunga. Akaitazama kanzu, akanitazama usoni, akanijua. "Mkwe wa bibi fulani," akawaambia wengine. Akaifunga haluwa akairudisha mfukoni, na tangu hapo mpaka tunatua hakuna aliyekula ndani ya chombo kile.

Nilifika wanaume wanatoka msikitini. Walinipa mikono ya sikukuu nami nikaipokea. Hakuna aliyeniuliza kwa nini sikuwahi sala, walijua. Mkwe wangu alikuwa ametuma birika la maji yaliyotiwa marashi na fungu la mrehani. Shemegi yangu mkubwa alikuwa amelibeba birika, tulipofika makaburini akanipa mimi.

Kaburi lilikuwa limetulia. Mchanga uliokuwa mbichi Rajabu sasa ulikuwa na rangi ya mchanga mwingine, na majani madogo yameanza kuota pembeni. Tulisoma. Nilinyunyiza maji kutoka kichwani kwenda miguuni. Nilitaraji kulia, na sikulia. Kilichonijia ni mshangao. Watu wale wote, wamevaa nguo za furaha, watoto wana pipi mashavuni, wamekuja kwanza hapa kabla ya kwenda kwenye sahani zao. Nilikuwa nimefunga na wao wamefungua, na dua ilikuwa moja, na wote tuliiitikia amin. Nilikaa baada ya wengine kuondoka. Hakuna aliyeniharakisha.

Nyumbani mkwe wangu alikuwa ukumbini juu ya mkeka. Aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Uliomba," akasema.

"Niliomba, mama."

"Wakakupa."

"Alinipa mwenzangu. Kanishikia zamu siku ya Idi yake."

Akataka nimweleze, nikamweleza. Aliuliza huyo mtu ana mama? Nikasema anaye. Akasema, "Yule mama amezaa."

Wageni walikuja na kuondoka siku nzima. Niliona sahani za pilau zikipita, za wageni, za watoto, za jirani. Nilikaa barazani kwenye upepo nikisoma, na harufu ile nimeizoea, miaka yote niliivumilia nyumbani kwangu. Mchana mpwa wa mke wangu, msichana aliyekuwa akipakua, alikuja akasimama karibu nami akionekana ana wasiwasi.

"Mjomba, bibi hataki kula."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Asubuhi kala tende moja na maji, kasema ni haramu kufunga leo, kwa hiyo yeye hafungi. Basi. Kila nikimpelekea sahani anasema iweke."

Niliingia ndani. Nikamwambia, "Mama, leo sikukuu yako. Kula."

"Nshakula. Nlikula tende."

"Tende si chakula."

"Kwani mie nimefunga?" akasema. "Sijafunga. Nasubiri tu. Mtu hakatazwi kusubiri."

Nilijaribu mara ya pili na sikufika mbali. Nikarudi barazani, nikakaa, sikuweza kusoma tena. Mama wa umri ule. Alikuwa ameingoja sikukuu mwezi mzima kwa funga yake kamili, na imefika, na chakula kipo, dini yake inamruhusu na kumhimiza, naye amekiweka kando ili asile kabla ya mimi. Nilitamani jua lishuke haraka kwa ajili yake. Jua lilikwenda mwendo wake.

Magharibi ilipoadhiniwa, wageni walikuwa wameshatawanyika. Msichana alitandika kitambaa juu ya mkeka, akaweka sinia moja. Mkwe wangu alinipa tende na gilasi ya maji. Nikafuturu. Nikasali haraka, nikarudi, nikamkuta bado hajagusa kitu.

"Bismillahi," akasema, akatia mkono.

Alikula kwa haraka, kama watu wenye njaa wanavyokula, bila ya kuzungumza, akichambua nyama na kuisogeza upande wangu. Mimi tonge la kwanza lilinikaa mkononi. Nilikuwa nakula Idi na mama wa mke wangu siku ya Idi yake, na haikuwa imenigharimu uongo wowote. Wote waliolipa walilipa kwa hiari yao, nami sikujua nimtazame nani.

"Zamu yako kesho saa ngapi?" akauliza.

"Nikishasali tu. Nitavuka na chombo cha mwanzo, nisali Wesha."

"Basi kula sawasawa. Barafu nzito."

Nikala.